Leza na Kioo cha Lenzi: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache kwamba baadhi ya viwanda na maabara za lenzi hulainisha kioo kwa leza badala ya kukisugua kwa unga. Barua zilizofuata zilitoka hasa kwa watu ambao kazi zao hugusana na kioo au leza kila siku. Tunajibu tano kati yake, na tumejipa nafasi kubwa zaidi pale ambapo kosa linaweza kumgharimu msomaji jicho lake au mali ya mteja wake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Mliandika kwamba leza hulainisha kioo cha lenzi, nami jambo hili linanitatiza. Kioo hupitisha mwanga, na leza ni mwanga. Je, mwanga unaopita ndani ya kioo bila kuzuiwa utakilainisha namna gani? — Mwanafunzi, Roysambu

JIBU: Umegusa kiini cha jambo lenyewe, na jibu limo katika urefu wa mawimbi. Kioo hupitisha mwanga tunaouona kwa macho, ambao mawimbi yake yana urefu wa kati ya nanometa 400 na 700 hivi (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), lakini hakipitishi kila aina ya mwanga. Leza inayotumika zaidi katika kazi hii ni ile ya gesi ya kaboni dioksidi, iliyovumbuliwa na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mawimbi yake yana urefu wa mikrometa 10.6 (mikrometa moja ni nanometa elfu), yaani takriban mara ishirini ya mawimbi ya mwanga wa kijani. Vifungo baina ya silikoni na oksijeni, ambavyo ndivyo vinavyojenga kioo, hutetemeka kwa kasi inayokaribiana na ile ya mawimbi hayo, na kwa hiyo huyameza. Sehemu kubwa ya nishati hubaki katika tabaka la juu kabisa, lenye unene wa makumi machache ya mikrometa au pungufu, huku kioo kilicho chini yake kikiwa bado baridi.

Kioo hakiyeyuki ghafla kwenye kiwango kimoja cha joto kama barafu au risasi. Hulegea kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Kioo cha silika safi, yaani cha silikoni na oksijeni tu, ambacho ndicho kinachokubali kazi hii vizuri kuliko vingine, hulegea barabara kinapopita nyuzi 1,600 za Selsiasi, na joto likizidi sana huanza kugeuka mvuke. Anayelainisha hukaa katikati ya mipaka hiyo miwili. Hapo ndipo mvutano wa uso, yaani nguvu inayouvuta uso wa kitu cha majimaji ujisawazishe, unapofanya kazi yake. Aliyewahi kupitisha kijiko juu ya asali nzito ameona kwamba mifereji myembamba hujifunga upesi, ilhali mteremko mpana huchukua muda mrefu kusawazika. Kioo kilicholegea hufuata kanuni hiyo hiyo. Leza inapopita, mikwaruzo midogo hufungika yenyewe, kisha tabaka hilo hupoa na kukauka likiwa nyororo.

Tofauti yake na njia ya zamani ni kubwa. Kwa njia hiyo kioo husagwa kwa unga mgumu wa kabaidi ya silikoni au almasi, kila hatua ikiwa na unga laini kuliko ile iliyotangulia, kisha hung'arishwa kwa oksidi ya seriamu iliyochanganywa na maji, juu ya pedi au juu ya lami ngumu. Lami si jambo geni: Isaac Newton aliitumia katika karne ya 17 kung'arishia kioo cha metali cha kurudisha mwanga katika darubini yake. Katika njia hiyo kila mkwaruzo huondolewa kwa kuondoa kioo kinachouzunguka, na kazi inaweza kuchukua saa nyingi. Katika kulainisha kwa leza hakuna kinachoondolewa. Kioo hujipanga upya mahali pake. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya teknolojia ya leza mjini Aachen, Ujerumani, ambao wameifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, hulainisha silika kwa mwendo wa takriban sentimita mraba moja kwa sekunde.

Ongeza kwamba leza hiyo hiyo, ikiongezewa nguvu, hukigeuza kioo kuwa mvuke, na hivyo inaweza kuchonga umbo la lenzi kutoka kwenye pande la kioo. Tena mapigo mafupi yaliyopimwa kwa uangalifu yanaweza kuondoa nanometa chache tu mahali palipoinuka, ambayo ni kazi ya kurekebisha umbo baada ya kulainisha.

SWALI: Nina karakana karibu na Barabara ya Kirinyaga ambako nachora vikombe vya ushindi, mbao, akriliki na glasi kwa mashine ya leza ya kaboni dioksidi. Mteja ameniletea lenzi ya kamera yenye mikwaruzo kwenye kioo cha mbele. Nikipunguza nguvu ya mashine, je, naweza kuilainisha? — Fundi wa karakana, Nairobi

JIBU: Fundi, tunakusihi usijaribu. Ni kweli kwamba leza yako ni ya aina ile ile inayotumika Aachen, na kwa sababu hiyo swali lako ni la haki kabisa. Lakini tazama kinachotokea unapochora glasi ya kawaida. Alama nyeupe unayoiona si rangi, wala si kioo kilichoyeyuka kikawa laini. Ni mkusanyiko wa nyufa ndogo mno. Kioo cha madirisha, chupa na glasi za kunywea hutanuka kwa takriban sehemu tisa katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Nukta inayopigwa na leza hutaka kutanuka, kioo baridi kilicho pembeni huizuia, nayo inalegea na kutulia katika nafasi hiyo iliyobanwa. Inapopoa hutaka kusinyaa, lakini imeshashikana na majirani zake, basi huvutwa pande zote hadi inapasuka. Katika biashara yako ufa huo ndio mchoro. Katika lenzi ungekuwa uharibifu.

Silika safi hutanuka kwa sehemu nusu tu katika milioni, yaani karibu moja kwa kumi na nane ya kioo cha kawaida. Kwa sababu hiyo inaweza kupashwa joto kali upande mmoja na kubaki baridi upande wa pili bila kupasuka. Lenzi za kamera mara nyingi hazitengenezwi kwa silika safi. Kioo cha borosilikati kinachotumika sana katika lenzi hutanuka kwa takriban sehemu saba katika milioni, na hulegea kikipita nyuzi 700 hivi. Wanaolainisha kioo cha namna hiyo kwa leza huipasha kwanza lenzi nzima hadi mamia ya nyuzi za joto, ili tofauti kati ya uso na kiini iwe ndogo. Kisha ndipo mwale hupitishwa, na mwishowe lenzi hupozwa polepole ndani ya tanuri mpaka mkazo uishe. Mashine ya kuchorea haina tanuri hilo. Zaidi ya hapo, mwale wake hukusanywa kwenye nukta ndogo inayopiga mstari mmoja baada ya mwingine, ilhali kulainisha kunahitaji ukanda mpana wenye joto sawa unaosogea bila kukatika, huku kipimajoto kisichogusa kikisoma joto la uso na kuamuru nguvu ya leza ipande au ishuke. Kupunguza nguvu hakutakupa hayo.

Kuna sababu nyingine. Uso wa lenzi ya kamera umepakwa matabaka membamba ya kuzuia mwanga usirudi nyuma; tabaka moja huwa na unene wa nanometa mia moja hivi. Leza ingeyaunguza kabla hata kioo hakijaanza kulegea. Mweleze mteja kwamba mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haionekani katika picha nyingi, kwa kuwa iko karibu mno na kamera kuweza kulengwa. Hasara yake hujitokeza zaidi anapopiga picha akilielekea jua au taa, ambapo picha hufifia. Kivuli cha lenzi, yaani kofia inayovikwa mbele ya lenzi kuzuia mwanga wa pembeni, kitamsaidia kuliko mtu yeyote atakayeugusa uso ule.

Kwa kuwa umetuandikia, tungependa kukuongezea jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu tumeona karakana nyingi za mjini zikiweka mashine mbili ubavu kwa ubavu: moja ya kaboni dioksidi kwa ajili ya mbao na akriliki, na nyingine ya leza ya faiba kwa ajili ya kuandika juu ya metali. Yote miwili ni miale isiyoonekana, lakini hatari zake si sawa. Mwale wa kaboni dioksidi humezwa na uso wa jicho, yaani konea, na kuiunguza. Kioo cha kawaida au plastiki ya polikaboneti huuzuia. Mwale wa leza ya faiba una mawimbi ya urefu wa takriban mikrometa moja, hupita katika kioo kiangavu bila shida, hupita pia katika konea, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Anayevaa miwani ya kawaida akidhani inamkinga na mashine zote mbili hajakingwa na ile ya pili hata kidogo. Miwani ya kinga lazima iwe imeandikwa urefu wa mawimbi inayouzuia, na urefu huo ulingane na mashine iliyo mbele yako. Tafadhali liangalie jambo hili leo, na umwangalizie pia kijana anayekusaidia.

SWALI: Kazi yangu ni kuunganisha nyaya za faiba mitaani. Mashine yangu huyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme na kuzifanya kitu kimoja. Je, hilo ni jambo lile lile mnaloeleza? — Fundi wa faiba, Kasarani

JIBU: Ndiyo, fundi, na huenda wewe unalielewa kuliko wasomaji wengi. Uzi wa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, wenye kipenyo cha mikrometa 125 ni silika karibu tupu, na cheche ya mashine yako huulegeza kama leza inavyofanya. Pengine umewahi kuona kwenye skrini ncha mbili zilizokosana kidogo zikijivuta na kukaa sawa wakati wa kuungana. Mvutano wa uso ndio unaozivuta.

Cheche hutoka katika vijiti vya metali ambavyo huchakaa na kuacha masalia kidogo juu ya kioo. Kwa faiba za kazi maalumu, kama zile za ndani ya leza zenye nguvu nyingi, masalia hayo ni hatari, na kwa hiyo zipo mashine zinazounganisha kwa mwale wa kaboni dioksidi bila vijiti vyovyote. Leza hutumika pia viwandani kukata na kulainisha ncha za faiba zinazotiwa ndani ya viunganishi. Katika maabara za fizikia watafiti wamekwenda mbali zaidi: kwa pigo fupi la leza huchimba kibonde chenye umbo la kioo kidogo cha kurudisha mwanga kwenye ncha ya uzi mmoja, na mikwaruzo inayobaki juu yake huwa na kimo kisichofika nanometa moja. Lakini leza haisamehi uchafu zaidi ya cheche yako. Ncha isiyosafishwa, au iliyokatwa kwa mshazari, hutoa povu ndani ya kiungo kwa njia zote mbili.

SWALI: Miwani yangu imejaa mikwaruzo. Je, hapa Nairobi naweza kulainishiwa kwa leza? Tena, je, leza hiyo ndiyo inayotumiwa na madaktari kurekebisha macho ili mtu aache kuvaa miwani? — Mama wa watoto watatu, South B

JIBU: Mama, jibu la swali la kwanza ni hapana. Lenzi nyingi za miwani siku hizi ni za plastiki, na plastiki ikipigwa na leza ya kaboni dioksidi huungua na kugeuka moshi. Isitoshe, mikwaruzo unayoiona mara nyingi imo katika tabaka gumu lililopakwa juu ya plastiki, na hakuna namna ya kulirudisha likawa jipya. Badilisha lenzi, na fremu ikiwa bado nzima uibakishe.

Leza ya madaktari ni ya aina nyingine. Hutumia gesi za agoni na florini, na mawimbi yake yana urefu wa nanometa 193, ambao ni mwanga wa urujuanimno. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel na wenzake walionyesha kwamba mwanga huo huondoa tishu za konea kwa usafi mkubwa. Fotoni zake, yaani chembe za mwanga huo, zina nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya kemikali moja kwa moja, na kila pigo huondoa takriban robo ya mikrometa bila kuunguza sehemu za jirani. Kwa maana hiyo ni kazi ya kuchonga na si ya kuyeyusha. Hata hivyo kuna undugu, kwa kuwa konea nayo ni lenzi, na kinachobadilishwa ni mpindo wake.

SWALI: Nafundisha fizikia katika shule ya upili. Ikiwa leza hulainisha kwa kasi namna hiyo, kwa nini unga na lami bado vinatumika? Pia naomba njia ya kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila leza, maana shule haina. — Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, kioo kuwa laini ni jambo moja, na kuwa na umbo sahihi ni jambo lingine. Darubini ya anga ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichong'arishwa kwa ustadi mkubwa, lakini kingo zake zilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikrometa 2.2. Picha zilitoka na ukungu mpaka wanaanga walipokwenda kuweka vifaa vya kuirekebisha Desemba 1993. Kioo kile kilikuwa nyororo. Kilichokosewa ni umbo.

Leza ina udhaifu wa upande huo huo. Hufuta upesi mikwaruzo myembamba, lakini mwinuko wenye upana wa milimita kadhaa hubaki, na tena kila mkondo wa mwale unaweza kuongeza kijituta chake pale unapopakana na mwingine. Kwa lenzi za taa, ambazo kazi yake ni kutawanya au kukusanya mwanga, hilo halina madhara makubwa. Kwa kamera na darubini, ambapo umbo hukadiriwa kwa sehemu ndogo ya urefu wa wimbi la mwanga, lazima ifuate hatua ya kurekebisha, ama kwa leza ya mapigo au kwa mbinu za zamani. Mkazo unaobaki baada ya kupoa nao huathiri mwanga unaopita, na kwa hiyo lenzi hurudishwa tanurini. Kwa maoni yetu, mtaalamu wa lami hatakosa kazi hivi karibuni kwa vioo vikubwa na vyenye umbo la mviringo wa kawaida. Leza itashinda kwanza katika lenzi ndogo zenye maumbo yasiyo ya kawaida, kwa sababu pedi ya kung'arishia haiwezi kukaa vizuri juu ya mpindo unaobadilika kila mahali, ilhali mwale haubanwi na mpindo wowote.

Kuna mahali ambapo imekwisha kushinda, na tunalipenda jambo hili kuliko mengine yote. Kusaga kioo huacha nyufa ndogo chini ya uso, ambazo kung'arisha huzifunika bila kuziondoa. Katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, kuna mtambo wenye miale 192 ya leza, ule ambao tarehe 5 Desemba 2022 ulipeleka nishati ya megajuli 2.05 kwenye chembe ndogo ya fueli na kupata megajuli 3.15 kutokana na muungano wa nyuklia. Vioo vya mwisho vya mtambo huo, vya silika, hupitisha mwanga mkali wa nanometa 351. Palipo na ufa uliofichika au chembe ya uchafu, mwanga humezwa, kishimo hutokea, na kila mlipuko unaofuata hukipanua mpaka kioo chote kinakuwa hakifai. Wataalamu wake hupeleka mwale wa kaboni dioksidi juu ya kila kishimo kikiwa bado kidogo, wakakigeuza kuwa kishimo chenye umbo la koni na kuta laini zisizo na nyufa. Kishimo hicho kipya hakikui tena, na kioo kile kile cha thamani kubwa hurudishwa kazini.

Kuhusu wanafunzi wako, maabara ya kemia inatosha. Kata bomba la kioo kwa tupa, uwape waiangalie kingo yake kwa lenzi ya mkononi, nao wataona makali na vijigongo. Kisha mwanafunzi mmoja, akiwa amevaa miwani ya kinga, alizungushe bomba hilo taratibu katika ukingo wa mwali wa bansen mpaka mwali ugeuke njano, ambayo ni dalili ya sodiamu ya kioo, na kingo ianze kuwa mviringo. Aliweke juu ya wavu wa asbesto bandia au kigae kisichoungua, na lisiguswe kwa muda, maana kioo chenye moto hakina tofauti ya kuonekana na kilichopoa. Wakiliangalia tena wataona kwamba makali yametoweka bila kusuguliwa na chochote.

Kabla ya kumaliza, pima kwa kalipa ya vernia kipenyo cha mdomo wa bomba la pili, ulishikilie motoni kwa muda mrefu kuliko la kwanza, kisha likipoa upime tena. Mdomo utakuwa laini sana, na utakuwa umesinyaa. Waambie waandike vipimo vyote viwili, kisha waulize ni kwa muda gani bomba lingekaa motoni ili lilainike bila kupoteza kipenyo chake.